Mtoto wa Jicho na Mchoraji wa Ukungu

Nilipoanza kazi Mirdif, mtaa mmoja wa Dubai, katikati ya miaka ya elfu mbili, sikuletwa kwa ajili ya kupika wala kufua. Nililetwa kwa ajili ya lugha. Madam alikuwa akiishi na mama yake mzazi, mzee aliyezaliwa Unguja akahamia Uarabuni angali mwanamwali, na mzee huyo alikuwa ameshawakataa wasaidizi kadhaa kwa kosa moja tu, kwamba hawakuweza kuzungumza naye. Kiarabu alikijua vizuri kabisa. Lakini alisema Kiarabu ni cha sala na cha wageni, na mtu akiumwa mgongo huumwa kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza nilimkuta ameketi sebuleni, kanga mbili mabegani juu ya gauni, uso ameuelekeza dirishani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tanga, Bibi. Lushoto."

"Milimani huko? Basi Kiswahili chako kitakuwa na mawe kama mchele wa gunia. Lakini tutakichagua taratibu. Kaa."

Nikakaa, na kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kukaa naye, kumsuka nywele, kumshika mkono akienda kutawadha, kumsomea majina ya dawa, na kurekebishwa Kiswahili. Alikuwa mkali wa mdomo lakini hakuwa na kinyongo. Akikusema asubuhi, mchana anakugawia halua.

Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Mboni zilikuwa na weupe wa tui la pili. Aliona mwanga wa dirisha, aliona kivuli cha mtu akipita, rangi kubwakubwa, basi. Watoto wake walikuwa wamemsihi kwa miaka akubali upasuaji, na yeye alikuwa na jibu lake moja: "Wanangu wote wamekua wamehama. Kabaki huyu wa jicho. Na yeye mnataka nimfukuze?" Watu walicheka, na mambo yakaishia hapo.

Mimi aliniambia sababu yenyewe siku moja nikimsuka. Ujanani kwao kulikuwa na jirani aliyetibiwa jicho, na tangu siku ile hakuona tena. "Mimi naona kidogo," alisema. "Kidogo ni changu. Mkono wa daktari ukiteleza, na hicho kidogo kinakwenda." Nikaendelea kusuka.

Kitabu kililetwa na mjukuu wake, binti wa madam, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni akisomea usanifu wa majengo. Kiswahili alikielewa chote, ila alikisema kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. Alikuwa amepewa kazi ya darasani kuhusu mchoraji mmoja, Mmarekani wa karne ya kumi na tisa, akaazima maktabani kitabu kikubwa cha picha zake, kizito kama sinia la harusi. Akakitua juu ya meza ya sebuleni.

"Nini hicho kilichoanguka?" Bibi akauliza.

"Kitabu, Bibi. Picha za mtu wa Amerika."

"Picha za nini?"

"Miti. Mashamba. Hewa."

"Hewa?"

Binti akajaribu kueleza, Kiswahili na Kiarabu vikipokezana. Alisema mchoraji yule alipokuwa kijana alichora kila jani na kila jiwe, kama wenzake. Kadiri alivyozeeka akaanza kuacha. Akaacha majani, akaacha mawe, akawa anachora kile kilichoko kati ya macho yako na mti.

"Kati ya macho yangu na mti kuna nini?" nikauliza mimi.

"Si ndiyo hewa," akasema.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mtu mzima na ndevu zake, anachora hewa! Na watu wakaja kutazama?" Kisha akanigeukia. "Hebu funua, wewe. Niambie kuna nini humo."

Nikafunua. Naona haya kusema nilichoona siku ile, kwa sababu sikuona kitu. Niliona miti ambayo haikumalizika. Niliona kahawia nyingi, kijani kilichofifia, njano ya moshi, na katikati kitu kama mtu, lakini huwezi kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Nilidhani kitabu kilikuwa kimelowa maji.

"Miti, Bibi. Na majani. Na mtu mmoja mdogo."

"Anafanya nini?"

"Amesimama."

"Basi kazi anayo," akasema, akaomba chai.

Kesho yake Bibi akiwa amelala mchana, nilikaa peke yangu na kile kitabu. Ndege zilikuwa zikipita juu ya paa kuelekea uwanjani, vikombe vikitetemeka kabatini, na kiyoyozi kikinguruma. Nilifunua kurasa bila kutafuta chochote. Nikafika kwenye picha ya bonde lenye dimbwi la maji, miti mitatu mirefu upande mmoja, na hewa yote ikiwa nyeupe yenye wekundu kwa mbali, wekundu ambao hujui unatoka wapi kwa maana jua halikuchorwa. Nikaitazama. Nikaona kwamba nyuma ya miti kuna paa la nyumba. Sekunde iliyopita halikuwapo. Nikaona ng'ombe pembeni ya maji. Kisha nikaona njia nyembamba inashuka, na mtu yuko njiani, na nikajua kabisa baridi aliyokuwa akiisikia miguuni.

Ilikuwa kwetu. Sisemi ilifanana na kwetu, kwa maana miti yenyewe sikuijua na nyumba haikuwa ya kwetu. Lakini ile hewa niliijua. Utotoni tulikuwa tukishuka bondeni asubuhi na mama kuvuna kabichi, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mama akitangulia kidogo tu, miguu yake inapotea, halafu kiuno, halafu unabaki na mzigo wake kichwani ukielea peke yake, na sauti yake ikikwambia angalia hapo pana utelezi. Nilikuwa na mwaka na ushei sijaiona ile milima. Nililia kidogo, nikafuta ukurasa kwa upande wa kanga kabla haujaharibika.

Bibi alipoamka nikamwambia, "Jana nilikudanganya, Bibi. Si miti tu."

"Kwani ni nini?"

Nikamweleza ile picha kama nilivyoiona, polepole, kitu kimoja baada ya kingine: maji, miti, paa, ng'ombe, njia. Nikamweleza na mama yangu pia, maana sikuweza kuvitenganisha. Alisikiliza mikono ameiweka mapajani. Nilipomaliza akauliza, "Upepo upo?"

Nikatazama tena. "Haupo. Maji yametulia."

"Moshi wa jikoni je?"

"Upo kidogo, juu ya paa. Unapanda wima."

"Basi ni kweli hakuna upepo," akasema, ameridhika. "Kesho nipe nyingine."

Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alasiri nilimpa nyingine. Binti alipoona bibi yake ameshikamana na kitabu aliandika kazi yake upesi akatuachia, akawa anakirudisha chuoni na kukiazima upya. Nilijifunza kutazama kwa sababu nilikuwa natazama kwa watu wawili. Maswali ya Bibi hayakuwa mepesi. Nikisema "mbingu ya njano," anauliza njano gani, ya bizari au ya embe? Nikisema "giza mbele," anauliza kwa nini mtu aweke giza mbele na mwanga nyuma. Siku moja nikamjibu, "Nafikiri ili utake kwenda kule." Akasema, "Ehe. Hapo umesema Kiswahili."

Na nilipotoka nje jioni kumwagilia waridi la madam, nilianza kuona vitu. Kulikuwa na kiwanja kitupu cha mchanga kando ya nyumba, kinangojea kujengwa, na mimi nilikuwa nimekipita kila siku kama mtu anavyopita ukuta. Sasa niliona kwamba jua likielekea kuzama, vumbi lililotimuliwa na malori lilibaki hewani likawa kama kitambaa chepesi, na nyumba za upande wa pili, zile zile nyeupe zenye mageti makubwa, zikalainika kingo. Nilisimama na mpira wa maji mkononi mpaka waridi likawa dimbwi.

Ugomvi ulianza kwa picha ya mti mmoja. Ilikuwa picha ya shamba, mti mkubwa katikati, mtu ameegemea uzio, na anga lote lina rangi ya chungwa iliyochovywa ndani ya kijivu. Nilimweleza Bibi kwamba ni alfajiri.

"Umejuaje?"

"Majani yana umande, Bibi."

"Umande umeuona?"

"Yanang'aa."

"Na mtu kaegemea uzio? Alfajiri mtu haegemei, alfajiri mtu ana kazi. Anayeegemea kamaliza kazi. Hiyo magharibi."

"Ni alfajiri, Bibi."

"Mimi ndo nikwambie."

"Bibi, mimi ndiye ninayeona!"

Nilitamani maneno yarudi mdomoni. Lakini hakukasirika. Alisema tu, "Mwite dereva."

Dereva wa nyumba alikuwa Mkenya wa Limuru, mtu wa mzaha na mpenda ubishi. Akaja amevua viatu mlangoni, akainama juu ya kitabu, akakiangalia kama anayekagua injini.

"Hii ni jioni, sista," akaniambia. "Ona vile mwangaza iko chini. Na huyo jamaa amechoka, ni wazi."

"Umesikia?" Bibi akasema.

"Huyu hajui umande," nikasema.

"Mimi nimetoka Limuru na sijui umande?" dereva akauliza, na sebule nzima ikaanza kelele. Madam akatoka chumbani kuuliza nani amekufa.

Ubishi ule ulidumu. Tulikula nao na kulala nao. Binti alipoulizwa alisema hajui, na mwalimu wake pia alisema hajui, jambo ambalo Bibi aliliona ni aibu kwa chuo kizima. Halafu asubuhi moja, nikimpaka mafuta miguuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mwanangu apige simu hospitali."

"Unaumwa, Bibi?"

"Siumwi. Nataka kuona huo mti kwa macho yangu. Sitaki kuamuliwa na watoto wa milimani."

Madam alidhani namtania. Alipokwenda kumuuliza mwenyewe, akarudi macho yamejaa machozi, akanishika mabega. Miaka yote ile walikuwa wamemletea madaktari, masheikh, ndugu kutoka Maskati, wote wamerudi mikono mitupu.

Siku ya upasuaji tuliondoka mapema, na dereva alipofungua geti hatukuiona barabara. Majira ya baridi Dubai huwa na asubuhi za namna hiyo, ukungu unashuka jangwani na kulala juu ya mji, lakini mimi sikuwa nimewahi kuwa nje saa ile. Tulienda mwendo wa mtu anayetembea, taa za gari zikiwaka bure. Hata ndege zilikuwa kimya. Bibi alikuwa ameketi nyuma nami, mkono wake ndani ya wangu, na ghafla nikausikia unakaza.

"Mbona leo sioni kitu kabisa?" alisema. "Hata kile kidogo. Mwanangu, kimekwisha! Nimechelewa!"

"Hapana, Bibi. Hata sisi hatuoni. Ni ukungu."

"Unanidanganya."

"Wallahi, Mama, sioni hata boneti," dereva akasema, naye Mkristo kama mimi. "Wacha nisimame kando tusije tukagongana na mtu."

Akasimama kando. Nikateremsha kioo, hewa ikaingia, baridi na yenye maji. Bibi akatoa mkono nje akaupokea ukungu kama mtu anayeonja mchuzi. "Niambie," akasema.

Nikamwambia. Ukuta wa nyumba ya jirani ulikuwa umebaki nusu, sehemu ya juu imeliwa. Mti wa ghafu, ule wa jangwani, kando ya barabara ulikuwa kama alama ya moshi kwenye ukuta wa jiko. Taa ya barabarani ilikuwa bado inawaka, na mwanga wake haukufika chini, ulibaki juu umejikunja kama kiota. Halafu kutoka ndani ya weupe akatokea mtu juu ya baiskeli, kibarua katika nguo za buluu, kwanza rangi tu, kisha umbo, kisha uso, akatuinulia mkono, akapita, akawa umbo, akawa rangi, akaisha.

Nilikuwa nimeishi katika mji ule nikiuhesabu kuwa mahali pa kupita, mahali pa kuvumilia. Asubuhi ile niliona kwamba na wenyewe una hewa yake, na kwamba mtu angeweza kuupenda.

"Hii picha," Bibi akasema mwishowe, "mchoraji hajaifikia." Na alipoingia hospitali aliingia akitania wauguzi.

Jicho la kwanza lilifunguliwa kesho yake. Nilikuwapo. Daktari alipoondoa pamba, Bibi alipepesa, akatazama dari, akatazama mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu, akiigeuza juu na chini. "Mikono ya nani hii iliyozeeka?" akauliza. Akamtazama madam, akamgusa shavu, akasema umepungua, hali gani hii, huli? Kisha akanitafuta mimi.

"Ndo wewe?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Mbona mtoto hivi? Na mwanya! Siku zote una mwanya na hukuniambia."

Nikacheka, nikaficha mdomo, akaniambia niuonyeshe, mwanya ni uzuri.

Tulipofika nyumbani hakutaka chai wala kulala. Alitaka kitabu. Nikamwekea mapajani nikafunua ukurasa wa ule mti. Dereva alikuwa amesimama mlangoni, binti ameketi sakafuni, madam ameshika simu anataka kuwapigia ndugu wote. Bibi akainama. Akakunja uso. Akachukua pembe ya kanga akafuta ukurasa. Akafuta tena, kwa nguvu zaidi.

"Mpigieni daktari," akasema.

"Nini, Mama?" madam akashtuka.

"Kaniibia. Ukungu wake kauacha humu humu. Nyie nawaona wazi, lakini hapa bado pamefifia!"

Binti ndiye aliyeelewa kwanza. Alianguka kifudifudi kwenye zulia kwa kicheko. "Ndivyo alivyochora, Bibi! Ni yeye, si jicho lako!"

"Alichora hivi kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Bibi akakirudia kitabu. Alitazama kwa karibu, kisha kwa mbali, akifumba jicho lile lisilotibiwa, kisha akifumba lililotibiwa. Chai ikapoa. "Miaka yote hii," akasema, "mimi nilidhani dunia inayofifia ni ugonjwa. Huyu alikuwa mzima wa macho na akaitafuta. Akaona pana uzuri." Akapitisha kidole juu ya anga la picha. "Basi sikupoteza kitu. Nilikuwa humu."

Dereva hakuweza kuvumilia. "Na ni jioni ama ni asubuhi, Mama?"

Akatazama tena. "Sijui," akasema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumba ile kumsikia akilitamka neno hilo. Akaongeza upesi, "Lakini umande siuoni."

Jicho la pili lilitibiwa baadaye, bila ubishi. Baada ya hapo hapakuwa na kumweka ndani. Ijumaa jioni, madam na familia wakiwa kwa mashemeji, dereva alitupakia mimi na Bibi, mkeka na chupa ya chai, akatupeleka kwenye bustani kubwa yenye miti ya ghafu si mbali na nyumbani, tukakaa kutazama mwanga ukibadilika. Binti alininunulia rangi za maji na karatasi. Michoro yangu ya kwanza ilikuwa mibaya, na Bibi, kwa kuwa sasa aliona, hakuniachia hata mmoja upite. "Mti huu umesimama kama askari. Hewa yake iko wapi?" Nikachora tena. Nachora mpaka leo, na bado nalisikia hilo swali.

Mwaka huo mwishoni binti alitupeleka mji wa jirani, kwenye jumba la picha za kale. Picha za yule Mmarekani wetu hazikuwapo, lakini zilikuwapo za wengine wa enzi hiyo, za rangi ya mafuta, milima na majangwa na mito. Mimi sikuwa nimewahi kuona picha yenyewe, nilikuwa nimeona vitabu tu. Bibi alitembea peke yake, fimbo mkononi, mpaka mbele ya moja iliyokuwa na mlima kwa mbali, akasogea, akasogea, pua ikakaribia kitambaa.

"Njoo," akaninong'oneza. "Ina matuta! Mkono wa mtu umepita hapa. Tazama, hapa alikuwa na haraka."

Mlinzi akaja mbio, akamwambia kwa adabu asiguse. "Sigusi, mwanangu," Bibi akamjibu kwa Kiarabu. "Namwamkia tu."

Tulikaa humo mpaka walipotutoa. Garini Bibi alikuwa amechoka, ameegemeza kichwa begani mwangu, nikadhani amelala. Kumbe anafikiri. Akamuuliza dereva kama kuna mji mwingine wenye jumba kama lile. Dereva akasema amesikia Abu Dhabi wana mpango wa kujenga makubwa zaidi, lakini itachukua miaka.

"Na wajenge," Bibi akasema. "Tutakwenda wakimaliza. Haraka ya nini?"

Dereva akacheka, akauliza nani atalipia petroli, na wakabishana juu ya hilo mpaka Mirdif.